YOO JAE-HA: ALITOA ALBAMU MOJA TU, AKAFARIKI KABLA HAJAONA MATUNDA YAKE

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo. Nataka niwape stori ya jamaa mmoja wa Korea Kusini aliyetoa albamu moja tu maishani mwake, mwaka 1987. Alifariki mwaka huo huo akiwa na miaka 25. Miaka 31 baadaye albamu hiyo ikatajwa kuwa namba moja kwenye orodha ya albamu 100 bora za nchi yake. Jina lake ni Yoo Jae-ha.

Nilimpataje? Nilikuwa kafe, nimelipia saa moja, hedifoni masikioni, nasikiliza ule muziki wa kizamani wa mjini unaoitwa siti popu. Kwa ambao hawaujui, siti popu ilianzia Japani mwishoni mwa miaka ya 70, ikatamba miaka ya 80. Besi inatembea, kinanda cha umeme kinang'aa, gitaa linakatakata, na ndani kuna ladha ya jazi. Ukiusikiliza unaona taa za mji mkubwa usiku, hata kama dirishani kwako kuna vumbi na bodaboda tu.

Sasa Korea nako kulikuwa na sauti hiyo, ila wakati ule hawakuiita hivyo. Muziki wa Kijapani ulikuwa umepigwa marufuku kuuzwa kule, na milango ilianza kufunguliwa mwaka 1998. Jina la siti popu walikuja kulibandika vijana wa miaka ya 2010 waliokuwa wanafukua nyimbo za zamani kwenye intaneti. Nami nikawa nafukua. Kila nikifuata wimbo mmoja nauliza huyu anayepiga alitokea bendi gani, nakutana na jina lile lile: Yoo Jae-ha.

Jamaa alizaliwa Juni 6, 1962, huko Andong, kusini mashariki mwa nchi. Akaenda kusomea utunzi wa muziki Chuo Kikuu cha Hanyang, Seoul. Yaani alisoma muziki wa darasani kabisa, ule wa fidla, filimbi na noti za kuandika kwenye karatasi. Lakini roho yake ilikuwa kwenye muziki wa redioni.

Na Seoul ya wakati huo ilikuwa inabadilika kwa kasi. Tangu 1945 watu walikuwa hawaruhusiwi kutembea baada ya saa sita usiku. Amri hiyo ilifutwa Januari 1982. Fikiria mji ambao usiku wake ulikuwa umefungwa kwa miaka 36 halafu ghafla unafunguliwa! Televisheni za rangi zilikuwa zimeanza mwishoni mwa 1980, treni za chini ya ardhi zinaongezeka, majengo yanapanda kusini ya mto Han, na mji unajiandaa kwa Olimpiki ya 1988. Muziki wenye harufu ya usiku wa mjini ulipata pa kuishi.

Mwaka 1984 Yoo aliingia kupiga kinanda kwenye bendi ya Cho Yong-pil, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wao kuliko wote. Mwaka uliofuata Cho mwenyewe akauimba wimbo wa huyu kijana, Saranghagi Ttaemune, maana yake Kwa Sababu Nakupenda. Msanii mwingine mkubwa, Lee Moon-sae, naye akaimba utunzi wake. Kwa kijana wa miaka 23 hiyo ni hatua kubwa kinoma.

Mwaka 1986 akahamia kwa Kim Hyun-sik, mwimbaji mwenye sauti ya mikwaruzo, aliyekuwa na bendi inayoitwa Masika, Kiangazi, Vuli na Kipupwe, kwa tafsiri yangu. Hapa wadau ndipo penye utamu wenyewe. Waliokuwa naye kwenye bendi ile ni Kim Jong-jin kwenye gitaa, Jeon Tae-gwan kwenye drams na Jang Ki-ho kwenye besi. Kim na Jeon walibaki na jina la bendi na kutoa albamu yao 1988. Jang akaja kuanzisha kundi la Bitgwa Sogeum, maana yake Nuru na Chumvi, pamoja na Park Seong-sik, yule aliyechukua nafasi ya Yoo kwenye kinanda. Leo ukimuuliza kijana wa Kikorea akutajie siti popu ya kwao, makundi hayo mawili hayakosi. Wote walitoka kwenye chumba kimoja cha mazoezi.

Yoo hakukaa sana. Aliondoka kwa sababu alitaka kutoa albamu yake mwenyewe, tena kwa namna ambayo wengi hawakuizoea. Kule mambo yalikuwa kama hapa kwetu: mmoja anaandika, mwingine anatengeneza muziki, mwingine anaingiza sauti. Yeye aliandika mashairi yote, akatunga yote, akapanga vyombo vyote, akaimba mwenyewe. Agosti 1987 albamu ikatoka, ina vipande 9, na jina lake ni ule ule wimbo aliokuwa amempa Cho.

Haikupokelewa vizuri. Masikio ya watu yalikuwa yamezoea sauti za kupanda na kulia, huyu anaimba kama anaongea na mtu wa karibu. Inasimuliwa kwamba wakaguzi wa utangazaji waliona sauti yake haijatulia. Ule mpangilio wa kinanda wenye jazi, na fidla zinazopita nyuma, uliwachanganya wengine. Hakuwa mtu wa kuonekana sana kwenye televisheni, kwa hiyo albamu ilibaki kutegemea mtu mmoja kumwambia mwenzake.

Novemba 1, 1987, akafariki kwa ajali ya gari jijini Seoul. Albamu ilikuwa na miezi michache tu sokoni. Na kama vile tarehe ile ilikuwa na deni, Kim Hyun-sik naye alifariki Novemba 1, 1990, kwa maradhi ya ini, akiwa na miaka 32.

Hapa ndipo stori nyingi za wasanii zinapoishia. Hii haikuishia. Familia yake ilianzisha mfuko wa muziki kwa jina lake, na mwaka 1989 yakaanza mashindano ya Yoo Jae-ha kwa vijana wanaotunga nyimbo zao wenyewe. Mwaka 1994 mmoja wa walioondoka na tuzo ni kijana anayeitwa Bang Si-hyuk. Kama jina halikuji haraka, huyo ndiye aliyekuja kuanzisha kampuni iliyowatoa BTS. Na wapenzi wa filamu, mkiangalia Memories of Murder ya Bong Joon-ho ya mwaka 2003, ule wimbo wa huzuni unaoombwa redioni usiku wa mvua ni wa Yoo.

Ile orodha ya albamu 100 niliyoisema mwanzo ni ya 2018. Kwenye ile ya 2007 alikuwa namba mbili.

Mimi nilichojifunza ni hiki. Ule uzamani tunaoufurahia leo, ile sauti laini ya kinanda, haukuwa uzamani kwake. Kwake ulikuwa jambo jipya lililoambiwa halifai. Na angeweza kurekebisha sauti yake ifanane na za wengine ili apigwe redioni, lakini asingebaki na kitu cha sisi kukifukua.

Najua humu kafe kuna wadau wana nyimbo zao kwenye flashi, hawajamsikilizisha mtu kwa sababu prodyuza fulani aliwaambia hazina soko. Msizifute. Tafuteni kwanza hii albamu, sikilizeni mpaka mwisho, halafu mje mniambie kama sauti ile haijatulia.

Nawasilisha.