Mwenda wa Bayeke na sikio la gitaa

Jean Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, mahali ambapo Msiri aliweka makao ya ufalme wake wa Garanganze katika karne ya 19. Msiri alitoka Unyamwezi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akifuata njia za biashara ya shaba na pembe, na aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Wafuasi wake ndio Bayeke, na Mwenda ni jina la ukoo wa watawala wao. Lugha yao, Kiyeke, ni ndugu wa Kinyamwezi na Kisukuma, lakini wajukuu walizidi kusema Kisanga cha majirani, kisha Kiswahili cha mjini. Nayaweka haya mbele kwa sababu Mwenda hutajwa zaidi katika vitabu vya muziki, wakati sisi wa kitivo cha lugha tuna haki naye pia. Alikuwa akiimba Kiswahili cha Katanga tangu zamani, wakati wataalamu wengi walikiona kama lugha iliyoharibika, si ya kuchunguzwa.

Ujana wake ulipita karibu na Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Migodi ya Union Minière ilikusanya vibarua kutoka Kasai, Ruanda na Rhodesia ya Kaskazini, na watu wasiokuwa na lugha moja wakapata moja. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameonyesha kwamba Kiswahili hicho hakikutokana na misafara ya Waswahili peke yake. Siasa ya lugha ya wakoloni na mahitaji ya makampuni yaliifanya kazi kubwa zaidi. Sisi tuliokulia Fizi hatuhitaji mkalimani tukikisikia. Tunasema batu na batoto kama wao, na mtu wa Lweba akisikiliza sahani za Mwenda hucheka mahali panapochekesha, jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili sanifu kutoka mbali huenda asiliwahi.

Gitaa katika miji ile lilikuwa chombo cha vijana wenye mshahara mdogo. Lilibebeka begani, halikudai umeme, na mtu mmoja aliweza kushika kazi ya watatu. Hapo ndipo ufundi wa Mwenda ulipokaa. Alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene, likitunza mwendo. Kidole cha shahada kilicheza juu yake kwenye nyuzi nyembamba, mara kikiwahi, mara kikichelewa, hata anayesikiliza mara ya kwanza huapa kwamba kuna magitaa mawili. Ukitaka kujua Mwenda ni nani, anza na nafasi iliyopo kati ya vidole hivyo viwili. Mengine yote, hata sauti yake ya kuimba iliyo tulivu sana, yanakuja baadaye.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka bara akirekodi muziki, alimkuta Jadotville. Kijana alikuwa na miaka 22 hivi. Wimbo wa Masanga uliorekodiwa wakati huo ulitolewa kwenye sahani za Gallotone na kutembea kuliko mwenyewe alivyowahi kutembea. Ningependa tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo maisha ya Mwenda yanapogusa jambo linalozungumzwa kwetu Lweba hivi sasa.

Tracey hakuwa na studio. Alikuwa na mashine, jenereta iliyowekwa mbali ili isisikike, na maikrofoni aliyopenda kuishika kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza karibu au mbali na chombo. Aliamua kwa mkono sikio likae wapi. Akilisogeza kwenye tundu la gitaa, besi inajaa. Akilivuta nyuma, mbao na pumzi ya mpigaji vinaingia. Na sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu upande mmoja, kwa hiyo hata muda ulikuwa na mkasi. Mwenda tunayemjua kutoka 1952 ni Mwenda aliyepita katika sikio hilo na mkasi huo.

Kwetu Lweba kuna kwaya yenye gitaa moja la umeme. Mikro zake mbili zimechoka: moja imekufa kabisa, nyingine inavuma kuliko inavyoimba. Mikro ndilo jina tulilolichukua kwa Kifaransa, nalo ni jina lenye akili, kwa sababu linaiweka ukoo mmoja na maikrofoni ya Tracey. Ng'ambo, kwa Watanzania na Wakenya, husemwa pikapu, na mtu anaweza kudhani unanunua gari. Kwaya imechanga fedha za kununua mikro mpya moja, si mbili. Mpiga solo, aliyejifunza kwa kumsikiliza baba yake mdogo akipiga Masanga kwa vidole viwili, anataka mikro itakayotoa sauti ile. Wazee wa kwaya wanataka isiyovuma. Wamenitumia ujumbe mimi kwa kuwa nasoma, kana kwamba anayechambua ngeli za Kibembe anajua pia sumaku. Basi nimesoma.

Mikro ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unalitikisa eneo la sumaku, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Kwa hiyo haisikii hewa wala pumzi, na mbao zinaifikia kwa kupitia uzi tu. Hapo tayari imeachana na maikrofoni ya Tracey, na anayetaka Mwenda mzima ndani ya sumaku aambiwe mapema kwamba hatampata. Swali linalobaki ni sehemu gani ya Mwenda iokolewe.

Mizunguko ya waya ikizidi, sauti inapata nguvu lakini ule ung'avu wa juu unapungua. Wauzaji husifu nguvu, na vijana hununua nguvu. Kwa mtindo wa vidole viwili nguvu hiyo ni hasara: gumba linavimba, kidole cha shahada kinazama ndani yake, na ile nafasi niliyoisema inazibwa. Halafu kuna mahali pa kuiweka. Karibu na daraja linaloshikilia nyuzi, sauti ni kali na nyembamba. Karibu na shingo ni nene na ya mviringo, kwa sababu pale uzi unapepea zaidi. Huo ni uamuzi uleule wa mkono wa Tracey, ila sasa unakazwa kwa skrubu.

Na mvumo? Mikro ya koili moja hudaka pia umeme wa nyaya za jirani. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, alitafuta dawa kwa kuweka koili mbili zilizogeuziana waya na sumaku, hivi kwamba mvumo unaoingia katika moja unafutwa na ule unaoingia katika nyingine, na sauti ya uzi inabaki. Lweba tunatumia jenereta, au sola yenye kigeuza umeme, na vyote viwili ni walimu wazuri wa mvumo. Wazee hawakosei. Lakini kabla ya kununua chochote, waya wa ardhi ndani ya gitaa utazamwe. Ukiwa umekatika, gitaa hunguruma hata mpigaji akigusa nyuzi, na dawa yake ni tone la risasi ya kulehemu.

Mwenda mwenyewe aliishi wakati umeme ulipokuwa ukiingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bill Alexandre, Mbelgiji, alileta gitaa la umeme Léopoldville, na kutoka hapo njia ikaenda kwa Franco na Nico Kasanda. Bendi za mji mkuu ziligawa kazi ya vidole viwili kwa watu: mmoja solo, mmoja ritimu, mmoja besi. Ilikuwa faida kubwa kwa dansi, na sitalia juu yake. Ila muziki wa mtu mmoja na gitaa lake, aliyeweza kukaa mlangoni na kuimba habari za mtaa, ulionekana ghafla kuwa wa wazee, wakati Mwenda hajafika hata miaka 35.

Kabla ya hapo alikuwa amekwenda Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 aliishi huko kwa muda, akiwa na kipindi chake redioni, na Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, naye alivuma huko. Wakenya walimpokea kwa vidole na pia kwa lugha. Kiswahili chake hakikuwa chao, lakini kilieleweka, na kizazi cha wapiga gitaa kilikaa karibu na redio kikijaribu kumfuata. Hii ni habari ambayo historia ya Kiswahili chetu huisahau. Tunafundishwa kwamba lugha ilitoka pwani kuja bara, basi. Kumbe kwa miaka kadhaa Kiswahili cha migodini kilirudi mashariki kwa redio, na watu wakakiiga kwa hiari.

Miaka hiyohiyo David Rycroft alichapa katika jarida la African Music, 1961 na 1962, uchambuzi mrefu wa jinsi Mwenda alivyopiga Masanga. Kwa mwanafunzi wa isimu ni kazi ya kuheshimu: anaandika mipigo kama sisi tunavyoandika toni, na anakuta tatizo letu, yaani kwamba karatasi inalazimisha kuchagua mwanzo wa mpigo wakati sikio linasikia mianzo miwili. Ninaporekodi hadithi za Kibembe kwa wazee wa Lweba nakutana na jambo hilo. Kipaza sauti kidogo nikikibana kwenye kola ya msimuliaji, toni zake zinakuwa safi na za kupimika, lakini maitikio ya wasikilizaji yanayeyuka, na hadithi ya Kibembe bila maitikio ni gumba bila kidole cha shahada. Siku hizi naweka chombo kwenye kigoda katikati ya duara. Toni zinapimika kwa shida zaidi, na msimamizi wangu analalamika kidogo.

Sifa hazikumpa Mwenda maisha ya muziki peke yake. Alifanya kazi za ofisini na za kampuni ya migodi, akakaa Lubumbashi, akaendesha hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani, mbele ya watu waliokuwa wamejifunza Masanga kutoka kwenye sahani. Miaka ya 1970 ilipokuwa inamalizika, Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba kujifunza kwa wapiga gitaa wa zamani, na Mwenda akiwa wa kwanza kati yao, kisha akaandika kitabu cha safari hiyo. Mwaka 1982 alialikwa Ujerumani, ambapo Gerhard Kubik alikuwa miongoni mwa waliomsikiliza kwa makini kuliko wote. Mwaka 1988, Cape Town, aliingia studio akapiga upya nyimbo zake nyingi. Septemba 1990 alikufa katika ajali ya barabarani.

Nimezisikiliza rekodi za 1952 na za 1988 moja baada ya nyingine, kwa spika za masikioni za bei nafuu. Ya Cape Town ni safi zaidi, na mkono umetulia kwa umri. Ya Jadotville ina mkwaruzo, na besi yake si pana. Lakini kidole cha shahada kinasikika kikichelewa kwa makusudi, na hicho ndicho mpiga solo wetu anachokitafuta bila kukipa jina.

Kwa hiyo jibu nililowatumia ni hili: waya wa ardhi kwanza. Kisha mikro ya koili mbili, kwa ajili ya jenereta na wazee, lakini yenye mizunguko michache, ya sauti ndogo, hata muuzaji akiidharau. Nguvu inayokosekana itatafutwa kwenye ampli. Iwekwe upande wa shingo, na ishushwe kidogo upande wa nyuzi nene ili gumba lisilemee. Ile inayovuma ibaki kwenye daraja kwa siku ambazo sola haina kelele. Baadhi ya wazee wanaona ni ujinga kutoa fedha za kwaya kwa mikro yenye sauti ndogo, wakati kwa bei hiyohiyo Baraka kuna inayopiga kelele mpaka ziwani. Watakutana Jumapili baada ya ibada, na nimemtumia mpiga solo Masanga ya 1952 ili aiwashe kwenye simu kabla hawajapiga kura.