Whitehouse: Mhandisi aliyefikisha reli Kisumu

GEORGE Whitehouse, mhandisi Mwingereza, aliwasili Mombasa Desemba 1895 akiwa amekabidhiwa jukumu la kujenga reli hadi Ziwa Victoria.

Kazi yake yaweza kuchorwa kwa grafu: miaka kwenye mhimili wa chini, kilomita kwenye mhimili wa wima. Tangu 1896 hadi ilipofika Nairobi Mei 1899, reli ilisonga kilomita 526 hivi, wastani wa 175 kwa mwaka. Zilisalia takriban 410 hadi Kisumu, zilizokamilika Desemba 1901, yaani kama 160 kwa mwaka.

Kasi ingalikuwa moja, mstari ungalinyooka. Haukunyooka. Ulilala mwaka 1898, simba walipowala vibarua kule Tsavo na kazi ikasimama kwa wiki kadhaa. Mwinuko wake ukapungua tena kwenye Bonde la Ufa na milima ya Mau.

Mwaka 1902 Whitehouse alitunukiwa cheo cha Sir. Hata hivyo, vibarua Wahindi wapatao 2,500 walifariki katika ujenzi huo. Grafu haiwaonyeshi, kwani hupima umbali na muda tu.