Yohana Mbatizaji na maji aliyorithi kwa mababu zake

Wakristo wengi humchukulia Yohana Mbatizaji kuwa ndiye mwanzilishi wa ubatizo wa maji. Hata hivyo, umati uliomiminika kumwona kando ya mto Yordani haukushangazwa na maji. Hao walikuwa Wayahudi, na kwa karne nyingi taifa lao lilikuwa likijitakasa kwa kuoga.

Yohana, ambaye Waislamu humtambua kama Nabii Yahya, alizaliwa katika nchi ya milima ya Yudea enzi za Herode Mkuu. Kwa mujibu wa Injili ya Luka, babake Zakaria alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya, naye mamake Elisabeti alikuwa wa uzao wa Haruni. Mwana wa nyumba kama hiyo alilelewa akiyajua maji. Kuhani hakuthubutu kuingia kazini hekaluni kabla ya kuoga. Sheria ya Walawi nayo ilimtaka mwananchi wa kawaida aoge baada ya unajisi wa aina mbalimbali, na aliyepona ukoma hakuhesabiwa kuwa safi kabla ya kufanya hivyo.

Kufikia wakati wa Yohana, desturi hiyo ilikuwa imeota mizizi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mamia ya birika za utakaso, ziitwazo mikve, zilizochongwa mwambani huko Yerusalemu na vijijini. Ngazi ziliteremka hadi chini, na maji yalipaswa kuwa ya mvua au chemchemi, si ya kuchotwa kwa ndoo, tena yatoshe kuufunika mwili mzima. Baadhi ya ngazi ziligawanywa kwa ukingo, yamkini ili anayepanda akiwa safi asimguse anayeshuka na unajisi wake. Birika kama hizo zipo pia Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Hati zilizoanza kupatikana hapo mwaka wa 1947 zinasisitiza kwamba maji hayamfai asiyetubu. Wapo wataalamu wanaomhesabu Yohana kuwa mwanafunzi wa jamii hiyo, ingawa hakuna hati yoyote ya huko inayomtaja.

Basi jipya lilikuwa lipi? Kwenye mikve mtu alijizamisha mwenyewe, na alirudi kila aliponajisika. Kwa Yohana, watu walizamishwa naye, na ndiyo sababu akaitwa Mbatizaji. Unajisi aliolenga ulikuwa dhambi, wala si maiti iliyoguswa. Aliwaonya wasitegemee kuwa wana wa Ibrahimu, kwa maana hukumu ilikuwa mlangoni. Hapo ndipo hatari ilipoanzia. Msamaha ulikuwa ukihusishwa na hekalu, makuhani na sadaka ya mnyama aliyenunuliwa, ilhali mto haukumtoza mtu chochote. Inastaajabisha kwamba aliyeufungua mlango huo alikuwa mwana wa kuhani.

Miongoni mwa waliobatizwa naye, yapata mwaka wa 28, alikuwamo Yesu wa Nazareti.

Umaarufu huo ulimtia hofu Herode Antipa, mtawala wa Galilaya na Perea. Injili zinasimulia kwamba Yohana alimkemea kwa kumwoa Herodia, mke wa nduguye, na kwamba kichwa chake kilitolewa kama zawadi baada ya binti kucheza ngoma karamuni. Mwanahistoria Myahudi Josephus, aliyeandika yapata mwaka wa 93, hasemi lolote juu ya ngoma hiyo. Anaeleza kuwa Antipa aliogopa uasi, akamfunga Yohana katika ngome ya Machaerus, mashariki mwa Bahari ya Chumvi, na kumuua humo. Masimulizi hayo mawili hayapingani sana, kwani mtawala anayeogopa umati huchukia zaidi kukemewa mbele yake. Jeshi la Antipa liliposhindwa na mfalme Areta wa Wanabatea mwaka wa 36, Wayahudi wengine walisema Mungu amelipiza kisasi cha Yohana.

Wafuasi wake hawakutoweka. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinataja watu wapatao 12 huko Efeso waliojua ubatizo wa Yohana pekee. Nao Wamandai, jamii ndogo yenye asili ya Iraki na Irani, humheshimu hadi leo kama mwalimu wao mkuu. Wakiwa wamevalia mavazi meupe, huzamishwa mtoni tena na tena maishani mwao, na maji yoyote yanayotiririka huyaita Yordani.