Mwalimu Nyerere na njaa ya Biafra

Wapendwa, kila mara tunapokutana hapa Bukavu kuombea amani, swali moja linarudi: viongozi wa nchi zingine wanaona mateso yetu, mbona wananyamaza? Leo tunamkumbuka mmoja ambaye hakunyamaza, ingawa alichokifanya kinatusumbua sisi Wakongomani.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Siku alipotimiza miaka 46, tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ilitangaza kuitambua Biafra, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

Mwaka 1966 maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini mwa Nigeria, na waliopona wakakimbilia kwao mashariki. Mei 1967 mashariki ikajitangaza kuwa nchi; Julai vita ikaanza. Jeshi la serikali likafunga njia za barabara na za bahari. Watoto wakavimba miguu na tumbo, nywele zikageuka rangi. Mama zetu wa Kivu wanaujua ugonjwa huo, wanauita bwaki.

Kwa Nyerere haikuwa rahisi. Askari wake walipoasi Januari 1964, ni Nigeria iliyomtumia kikosi cha kulinda nchi yake. Tena mwaka uleule, kule Cairo, yeye mwenyewe aliwaomba viongozi wa Afrika waiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Sasa alikuwa anamgeuka rafiki, na kwa macho ya wengi anayageuka hata maneno yake. Nigeria ikavunja uhusiano na Tanzania.

Hoja yake ilikuwa kwamba serikali ipo kwa ajili ya watu. Watu wakichinjwa na nchi yao isiwalinde, umoja hauwezi kulazimishwa kwa bunduki. Kuhusu Katanga yetu, ambayo alikuwa ameipinga, alieleza kwamba ile ilisukumwa na wageni waliotaka madini, wala si watu waliokimbia kuuawa.

Hapa ndipo tunapojikwaa. Sisi tunaoomba kila Jumapili nchi yetu isigawanywe, tumsifu aliyekubali Nigeria igawanyike? Katika timu yetu hatukuelewana. Wengine wanasema kutambuliwa kule kuliwapa wakubwa wa Biafra tumaini la uongo, vita ikarefuka, na waliolipa ni watoto. Tunaona neno hilo lina uzito. Lakini hakuna kati yetu aliyeweza kusema kwamba ukimya wa wengine uliwalisha watoto hao.

Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia zilifuata mwezi uliofuata. Kaunda wa Zambia, tuseme kwa kupita, alikuwa mtoto wa mchungaji. Waliopeleka chakula hasa walikuwa makanisa: Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, kwa ndege zilizoruka usiku kutoka São Tomé na kutua Uli, kwenye kipande cha barabara kilichogeuzwa kiwanja.

Septemba 1969 Nyerere alipeleka tena maandishi kwa wakubwa wenzake kule Addis Ababa. Wengi hawakubadilika. Januari 1970 Biafra ikasalimu amri. Nyerere alikubali matokeo, na baadaye akapatana na Nigeria.

Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, alikuwa bado msuluhishi wa jirani zetu Warundi kule Arusha. Mkataba wao ulitiwa sahihi Agosti 2000, yeye hayupo.