Maria Montessori na Watoto Waliofichwa

Jina la Montessori limeandikwa juu ya vibao vya shule za watoto wadogo katika miji mingi ya nchi yetu. Mzazi wa Manyamanyama, pale Bunda, alisikiapo huenda akafikiria sare safi na ada ambayo hana. Wala hatalihusisha na mtoto wa jirani yake mwenye ulemavu wa akili, ashindaye ndani mchana kutwa wenzake wakiwa shuleni. Lakini kazi ya mama huyu ilianza kwa watoto wa namna hiyo hasa.

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, nchini Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Alitaka kuwa daktari katika siku ambazo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Chuoni Roma ilimpasa kuchunguza maiti peke yake, baada ya saa za masomo, kwa maana ilionekana aibu mwanamke kufanya hivyo mbele ya wanafunzi wanaume. Hakurudi nyuma. Mwaka 1896 akapata shahada yake, akiwa mmoja wa wanawake wa kwanza nchini humo.

Kazi ikampeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Humo aliwakuta watoto waliochanganywa na watu wazima wenye wazimu, kwa sababu tu akili zao zilichelewa kukua na hapakuwa na mahali pengine pa kuwaweka. Walilishwa, wakafungiwa, basi. Husimuliwa kwamba mwanamke aliyewalinda alilalamika jinsi walivyogombea makombo ya mkate sakafuni baada ya kula, akiwaona walafi. Montessori akakitazama chumba kile: hakikuwa na kitu hata kimoja cha kushikwa mkononi. Akatambua kwamba haikuwa njaa ya tumbo. Makombo yale ndiyo yaliyokuwa vitu vyao pekee vya kuchezea.

Akavisoma vitabu vya madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin, waliojaribu kuwafundisha watoto kama hao kabla yake. Akavinakili kwa mkono katika lugha yake, apate kuyapima maneno yao moja moja. Mwaka 1898, mjini Torino, alisimama mbele ya mkutano wa waalimu akashikilia kwamba watoto hao wanahitaji mwalimu kuliko daktari. Ni neno zito likitoka kinywani mwa daktari.

Mwaka 1900 ikafunguliwa Roma shule ya kuwaandaa waalimu wa watoto hao, naye akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Alifundisha mwenyewe tangu saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Mtoto asiyeweza kushona hakulazimishwa kushika sindano. Alianza kwa kusuka vipande vya karatasi, vidole vikazoea, ndipo akapewa sindano. Herufi zilichongwa kwa mti, mtoto akazipapasa kwanza. Baadhi yao wakafanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu wakastaajabu. Yeye alistaajabia jingine: shule za kawaida zilikuwa zikifanya nini, hata wanafunzi wake wakawa sawa na wao?

Swali hilo ndilo lililompa umaarufu. Tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Tokeo la Bwana, nyumba yake ya watoto ilifunguliwa katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, na njia yake ikaenea duniani. Tusifiche pia jambo la uchungu: mwanawe Mario, aliyezaliwa 1898 nje ya ndoa, alilelewa na watu wengine, huku mama akiwafundisha watoto wa wenzake. Baadaye Mario akawa msaidizi wake, hata alipofariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952.

Kwetu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeagiza kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Zipo shule za msingi za serikali zenye vitengo vya watoto wenye ulemavu wa akili, na waalimu waliosomea kazi hiyo. Wako na maafisa ustawi wa jamii. Lakini afisa atamfikiaje mtoto ambaye hajapata kusikia habari zake? Wanaomjua ni jirani, ni mwenyekiti wa mtaa, ni wanajumuiya wanaosali sebuleni wakati mtoto mwenyewe amewekwa chumba cha nyuma.