Mildmay, Mpanda Farasi wa Ridhaa

Mchezaji asiyelipwa, awe wa mpira au wa ngumi, tumezoea kumwita mchezaji wa ridhaa. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na kwa sisi tuliokaa mikekani vyuoni lina maana ya pili iliyo nzito zaidi: ridhaa ni kulipokea kwa moyo mkunjufu lile mja alilokadiriwa. Aliyelipeleka neno hilo uwanjani pengine hakuzifikiri maana zote mbili. Lakini yuko mtu mmoja, Mwingereza, wala si wa dini yetu, ambaye zote mbili zilimkuta juu ya mgongo wa farasi. Jina lake Anthony Mildmay.

Na asiseme msomaji kuwa mbio za farasi ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Ibn Umar kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliotayarishwa kwa mbio kutoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, na wale wasiotayarishwa kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zurayq, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopanda. Kilichoharimishwa ni kamari, si mbio. Nasi huku pwani tunao punda wa Lamu, ambao wakati wa Maulidi vijana huwapanda na kuwakimbiza mbele ya mji, watu wakiruka huku na huku kuwapisha. Basi tumwendee Mildmay tukiwa na haki ya kumwendea.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1909 katika ukoo wa matajiri wenye mashamba huko Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Babake alikaa bungeni miaka mingi, na mwaka 1922 akapewa daraja la Lord. Kijana akasomeshwa Eton, kisha Cambridge, kisha akatiwa kazini katika benki ya Baring mjini London. Kwa mtu wa tabaka lake njia ilikuwa imekwisha fagiliwa. Lakini moyo wake haukuwa katika daftari za benki. Ulikuwa Fairlawne, katika jimbo la Kent, kwa rafiki yake Peter Cazalet aliyekuwa na zizi la farasi wa mbio. Mwishowe akaiacha benki akawafuata farasi.

Umbo lake halikumsaidia. Alikuwa mrefu kupita futi 6, miguu mirefu, na watu warefu farasini huwa kama mlingoti juu ya mtumbwi. Bahati yake ni kuwa mbio alizozipenda zilikuwa za kuruka viunzi, ambamo farasi hubebeshwa uzito wa kutosha, kwa desturi si chini ya kilo 63 hivi, kwa hiyo mtu mzima mwenye mifupa yake aweza kupanda bila kujiua kwa njaa.

Huko Uingereza mtu haamki asubuhi akapanda farasi wa mashindano. Mbio za viunzi zilikuwa chini ya Kamati ya National Hunt, na aliyetaka kupanda kwa ridhaa ilimlazimu aombe ruhusa, akubaliwe, na asipokee ujira. Akikubaliwa, katika karatasi ya mbio jina lake lilitanguliwa na neno Bwana. Mpandaji wa kulipwa, hata awe hodari namna gani, aliandikwa jina lake tupu. Jambo hili hunikera kila nikilifikiri. Mtoto wa maskini aliyelala zizini na kuwasugua farasi tangu alfajiri angewezaje kupanda bure? Ridhaa ya namna hii ilikuwa ni ya mwenye shibe, na ubwana ule haukuwa wa kupanda vizuri bali wa kutohitaji senti. Mildmay alizaliwa upande wa wenye shibe, hilo halikaniki. Lakini kiunzi hakimuulizi mtu jina la babake, na mifupa ya mtoto wa Lord huvunjika kama ya mtu mwingine yeyote.

Mlango ule baadaye umepanuka. Mwaka 1955 wapandaji wa ridhaa wa nchi mbalimbali waliunda shirikisho lao, Fegentri, na mwaka 1972 wanawake wa Uingereza wakaruhusiwa kushindana. Siku hizi anayetaka kuingia hupitia mafunzo na daktari kwanza. Wala wa ridhaa hawakutoweka katika mbio kubwa: mwaka 2022 Sam Waley-Cohen alishinda Grand National juu ya Noble Yeats, farasi wa babake, ikawa ndiyo mara yake ya mwisho kupanda mashindanoni.

Grand National ndiyo mbio yenyewe, ile ambayo Mildmay aliitamani maisha yake yote. Hufanywa Aintree, karibu na bandari ya Liverpool, tangu mwaka 1839. Wakati wa Mildmay farasi walikimbia zaidi ya kilomita 7 na kuruka viunzi 30, vingine vikifuatiwa na handaki au maji, navyo hufunikwa kwa matawi mabichi kama ua wa mivinje. Katika farasi 30 au 40 walioanza siku hizo, mara nyingi waliofika hawakufika nusu.

Mwaka 1936 Mildmay alikuwa na umri wa miaka 26. Alipanda farasi aitwaye Davy Jones, mali ya babake, aliyenunuliwa kwa bei isiyo kubwa. Wacheza kamari walimkadiria mia kwa moja, maana yake hawakumtia hesabuni kabisa. Mbioni alikuwamo pia Reynoldstown, mshindi wa mwaka uliotangulia. Reynoldstown alikuwa chini ya Fulke Walwyn, naye pia mtu wa ridhaa na afisa wa jeshi.

Davy Jones akatoka mbele karibu tangu mwanzo, akakaa mbele. Akavuka kiunzi baada ya kiunzi na watu wakingoja aanguke, naye haanguki. Wengine wakaanguka wao. Mpaka wamekaribia kiunzi cha pili kutoka mwisho, waliobaki katika shindano ni wawili, na yule wa mia kwa moja ndiye aliyekuwa akienda kwa nafasi, hajachoka. Akakiruka kile kiunzi. Alipotua, Mildmay aliziachia hatamu ziteleze kidogo vidoleni ili farasi apate kunyosha shingo, kama ifanywavyo na kila mpandaji ajuaye kazi yake. Hapo bizimu inayoziunganisha hatamu mwishoni ikafunguka.

Bizimu! Kipande cha chuma kisichozidi kidole. Wapandaji wengine hufunga fundo hapo, ili hata bizimu ikifunguka ngozi isiachane. Siku ile fundo halikuwapo. Hatamu zikaachana, upande mmoja ukaning'inia hewani, na Mildmay akabaki juu ya farasi mwenye nguvu, mwenye nia ya kwenda, asiye na wa kumwongoza. Inasemekana alijaribu kumgeuza kwa kumpiga upande wa shingo. Kilikuwa kimesalia kiunzi kimoja tu. Davy Jones akakiendea, akapinda, akatoka nje ya njia, na Reynoldstown akapita akashinda.

Nahodha aliyeiona bandari, akakatikiwa kamba ya usukani mlangoni, ndiye atakayemwelewa Mildmay siku ile. Tena ajabu ni hii: hapana mtu wa kulaumiwa. Farasi hakukosa, mpandaji hakukosa. Hata Walwyn alishinda kwa haki. Mildmay alijulikana kwa kutoinung'unikia siku ile. Alirudi zizini akaendelea kupanda.

Vita vikaja, akaingia jeshi la Welsh Guards, akajeruhiwa. Vilipokwisha alikuwa na miaka 36, umri ambao wengi wamekwisha tundika seruji, lakini yeye ndiyo kwanza akachanua. Kwa misimu mitano mfululizo baada ya vita aliongoza wapandaji wote wa ridhaa wa mbio za viunzi kwa idadi ya ushindi. Watu wa kawaida uwanjani, wenye kofia za vitambaa na shilingi zao mbili, walimpenda kwa dhati wakimwita kwa jina la utani la cheo chake. Nadhani walimpenda kwa sababu walikuwa wakikumbuka ile bizimu.

Mwaka 1947 babake akafa, akawa yeye ndiye Lord Mildmay. Mwaka ule ule akaanguka vibaya huko Folkestone, akaumia mfupa wa shingo. Tangu hapo shingo ile ikawa na maradhi: hukaza ghafla, kichwa kikamwangukia kifuani, asiweze kukiinua mpaka mkazo umwachilie mwenyewe.

Mwaka 1948 akarudi Aintree na farasi wake mwenyewe, Cromwell, farasi aliyeweza kushinda. Walipokuwa wakienda vizuri, kabla ya viunzi vya mwisho, shingo ikakaza. Kichwa kikamshuka. Aliyokuwa akiyaona ni mabega ya farasi tu, na Cromwell akaruka viunzi vilivyobaki kwa akili yake mwenyewe. Wakafika wa tatu. Alishinda jike aitwaye Sheila's Cottage. Mwaka 1949 Cromwell alikuwa wa nne.

Mara ya kwanza alikosa hatamu, mara ya pili alikosa macho. Sijaona katika tarikh za michezo mtu aliyepewa kikombe mkononi mara mbili kikaondolewa namna hii.

Katika mwaka huo wa 1949, akiwa mgeni katika kasri la Windsor, alimshawishi Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George wa Sita, aingie katika mbio za viunzi. Akanunuliwa Monaveen, akawa mali ya Malkia na bintiye, yule ambaye mwaka 1952 khabari ya kifo cha babake ilimkuta hapa kwetu Kenya. Monaveen alitunzwa na Cazalet kule Fairlawne. Yule mama aliendelea na farasi wa viunzi mpaka alipofariki mwaka 2002, akiwa amepata ushindi zaidi ya 400. Cazalet alipokufa mwaka 1973, farasi wake wakapelekwa kwa Fulke Walwyn, yule yule aliyepita mwaka 1936.

Asubuhi ya tarehe 12 Mei 1950 Mildmay alitoka nyumbani kwake Mothecombe, katika ufuo wa Devon, akateremka baharini kuogelea kama ilivyokuwa ada yake. Alikuwa na miaka 41. Hakurudi. Wengi waliamini kuwa ile shingo ilikaza akiwa majini. Hakuwa na mke wala mtoto, na cheo cha Lord Mildmay kikafa naye.

Aliacha farasi mmoja kijana aitwaye Manicou. Malkia akamnunua. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo Manicou alishinda kikombe cha King George wa Sita huko Kempton. Aliyempanda alikuwa Bryan Marshall, mpandaji wa kulipwa.