Al-Kindi na Kufuli za Siri

Miongoni mwa wanazuoni wa Baghdad wa enzi ya Bani Abbasi, wapo wanaotajwa kila siku katika mabaraza yetu ya Pwani, na wapo wanaotajwa kwa nadra. Abu Yusuf Yaqub bin Is-haq Al-Kindi yumo katika kundi la pili, ijapokuwa Waarabu wenyewe walimpa lakabu ya Mwanafalsafa wa Waarabu. Nimeona niyasimulie maisha yake kwa kuwa kazi yake moja, iliyolala mavumbini kwa karne nyingi, inagusa jambo linalowashughulisha wataalamu wa leo, yaani kompyuta za kwantamu. Nami nayaandika haya mbali na bahari, huku Sachangwan, ambako nina duka langu. Baadaye msomaji ataona kwa nini jambo hilo linamhusu hata muuza duka wa kando ya barabara.

Al-Kindi alizaliwa yapata mwaka 801, sawa na 185 Hijria, katika kabila tukufu la Kinda. Babake alikuwa liwali wa mji wa Al-Kufa, huko Iraki. Kijana alisoma, akahamia Baghdad, na Khalifa Al-Maamun akamtia katika Bayt al-Hikma, nyumba ya elimu ambako vitabu vya Kiyunani vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu. Khalifa Al-Mu'tasim, aliyetawala kuanzia 833, alimpa kazi ya kumsomesha mwanawe Ahmad. Ibn al-Nadim, katika orodha yake mashuhuri ya vitabu, anamhesabia zaidi ya maandiko 240: ya falsafa, tiba, muziki, nyota, mwanga, na hesabu za tarakimu za Kihindi.

Katika maandiko hayo imo risala moja ya kufumbua maandishi ya siri. Ili tuielewe, natukumbuke kinyume, mchezo wa watoto wa Pwani. Mtoto huchukua silabi ya mwisho akaitanguliza, nyumba ikawa mbanyu, na mgeni asiyejua haambulii kitu. Makatibu wa dola walifanya zaidi ya hivyo. Walibadili kila herufi kwa herufi nyingine au alama, na barua ikitekwa njiani ilionekana kuwa upuuzi mtupu. Watu waliamini kwamba kufuli hiyo haifunguki ila kwa mwenye ufunguo.

Al-Kindi aliifungua kwa kuhesabu. Aliona kwamba kila lugha ina herufi zinazorudiwa sana na nyingine zinazoonekana kwa uchache. Katika Kiarabu alif na lam hujirudia mno. Katika Kiswahili chetu herufi a ndiyo mfalme. Basi chukua maandishi ya kawaida, marefu ya kutosha, uhesabu herufi zake. Kisha hesabu alama za barua ya siri. Alama inayozidi zote yamkini ndiyo herufi inayozidi zote, na ya pili vivyo hivyo, mpaka fumbo lifumbuke. Hiyo ndiyo risala ya kale kuliko zote zinazojulikana zenye kufundisha njia hiyo. Ajabu ni kwamba neno letu sifuri, tulilolipata kwa Waarabu, ndilo pia Wazungu walilolichukua, likageuka kwao kuwa jina la maandishi ya siri.

Maisha yake hayakuwa starehe mpaka mwisho. Khalifa Al-Mutawakkil aliposhika utawala mwaka 847, fitina za baraza zilizidi. Wanatarikhi wa zamani wanasimulia kwamba ndugu wawili, Muhammad na Ahmad, wana wa Musa bin Shakir, nao wanahisabati mahodari, walimsingizia Al-Kindi mpaka akapigwa na vitabu vyake vyote vikatwaliwa.

Ndugu hao baadaye walipewa kazi ya kuchimba mfereji wa kupeleka maji katika mji mpya wa Khalifa. Wakamkabidhi Al-Farghani, naye akakosea vipimo: mdomo wa mfereji ukawa na kina zaidi ya sehemu iliyobaki, hata maji yasingeweza kupita mto ukipungua. Khalifa aliposikia uvumi, alimwita mhandisi Sanad bin Ali akague, na ndugu wale wakajua kwamba roho zao zi mashakani. Sanad alikataa kuwasaidia mpaka vitabu vya Al-Kindi virudishwe, na vikarudishwa. Ndipo akaeleza kwamba mto Tigris umejaa, na maji mengi yatalificha kosa kwa muda wa miezi minne. Kabla muda huo haujaisha, mwaka 861, Khalifa akauawa, na ndugu wale wakaokoka.

Al-Kindi alifariki Baghdad yapata mwaka 873. Risala yake ya siri ilipotea machoni pa watu, hata ikaonekana katika hazina ya maandiko ya Istanbul na kuchapishwa Damascus katika miaka ya 1980.

Sasa nirudi Sachangwan. Mahali hapa pako katika barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Salgaa, kabla ya Mau Summit. Malori yapakiayo Mombasa hupita hapa yakielekea Uganda na Rwanda. Dereva hununua viazi na njegere, na mara nyingi hatoi noti mfukoni. Hulipa kwa simu. Fedha na siri zinazopita hewani hulindwa kwa kufuli za hesabu. Mojawapo ya kufuli mashuhuri ilitangazwa mwaka 1977, nayo hutumia nambari tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kuzidisha 61 kwa 53 kupata 3233 ni kazi ndogo. Kupewa 3233 ukatafute asili yake ni kazi zaidi. Nambari ikiwa na tarakimu mamia, kompyuta za kawaida hushindwa.

Mwaka 1994 Peter Shor, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu iliyo kubwa ya kutosha ingeifungua kufuli hiyo. Kompyuta ya kawaida hufanya kazi kwa sifuri na moja. Ile ya kwantamu hutumia kyubiti, ambayo kabla ya kupimwa huweza kuwa katika mchanganyiko wa yote mawili. Wana wa Pwani wataelewa kwa mfano wa mawimbi: mawili yakikutana, mara huinuana, mara huuana. Hesabu hupangwa ili mawimbi ya majibu potofu yauane na ya jibu sahihi yainuane.

Faida zinazotarajiwa ni kubwa. Mizizi ya njegere za hapa Sachangwan hukaa vijidudu vinavyogeuza hewa kuwa chakula cha mmea katika udongo wa baridi, ilhali viwanda vya mbolea huhitaji joto na kani kubwa mno. Wanakemia wanatumai kompyuta hizi zitawafunulia siri ya vijidudu hivyo. Kwetu Afrika Mashariki, mjini Kigali, kimeanzishwa kituo kiitwacho Quantum Leap Africa cha kuwaandaa vijana kwa elimu hii.

Lakini kikwazo ni kosa. Kyubiti hutikiswa na joto kidogo tu, na baadhi ya mashine hizo hupozwa mpaka karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri. Mashine ya Willow ya Google, iliyotangazwa Desemba 2024, ilikuwa na kyubiti 105. Mwaka 2019 wataalamu walikadiria kwamba kuvunja kufuli niliyoitaja kungehitaji kyubiti milioni 20. Mwaka 2025 mmoja wao, Craig Gidney, akakadiria chini ya milioni moja. Safari bado ni ndefu, ila inafupika. Kwa hiyo Marekani ilitoa kanuni za kufuli mpya mwezi wa Agosti 2024, kwani adui aweza kuiweka barua ya leo akangoja ufunguo wa kesho.

Kisa cha mfereji kina funzo hapa. Wanaozisifu mashine hizi kupita kiasi wamo katika msimu wa mto kujaa, na kosa litajulikana maji yakipungua. Na wenye kulala wakiamini kufuli zao ni za milele, nao wamsome Al-Kindi. Yeye hakuwa na mashine. Alikuwa na kalamu, subira na hesabu, na kufuli zilizoaminiwa na wafalme zikafunguka. Mwenye busara hubadili kufuli mapema, angali ana nafasi.